Kujisikia mzima sio kipimo: niliyoyasema kuhusu presha siku ya kuvunja kikoba

Wengi mmeniomba niyaandike yale niliyoongea Jumapili, maana siku ile nusu ya wanachama walikuwa msibani. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, sijayapamba.

Salaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wakubwa zangu, na wanangu wote marahaba.

Mwenyekiti kaniambia mama nesi una nusu saa kabla hatujagawana hela, tuongelee afya. Nikamwambia mwenyekiti sitaongelea afya yote, maana ukiongelea afya yote watu wanaondoka na maneno mengi halafu hawafanyi hata moja. Naongelea presha tu. Na ndani ya hiyo presha kuna kitu kimoja nataka kila mtu aondoke nacho, kwamba presha huwezi kuijua kwa kujisikia. Basi, hata ukisinzia kuanzia sasa hivi hilo umeshalipata.

Hebu nyoosheni mikono mliopima presha mwaka huu. Sio uliopimwa wakati ukiwa mjamzito mwaka juzi, nasema mwaka huu. Haya, mnaona wenyewe, wachache. Sasa nyoosheni mliopima sukari, mliopima malaria. Malaria wote! Kwa sababu malaria inakupiga, unatetemeka, unatapika, yenyewe inakuita hospitali. Presha haimuiti mtu.

Mume wangu, baba wa watoto wangu wanne, alikuwa fundi seremala, wengine humu mnalalia vitanda vyake mpaka leo. Mtu wa kubeba mbao za mninga begani toka kwenye gari mpaka ndani ya karakana bila kupumzika, hajawahi kulazwa, malaria yenyewe ikimpata siku ya pili kashainuka anatafuta randa. Mimi nimekuwa nesi miaka thelathini na moja, nimewafunga watu ule mkanda wa presha mkononi mara ambazo siwezi kuhesabu, siku nyingine tangu asubuhi mpaka mchana kazi ni hiyo hiyo, na nyumbani kwangu kuna mtu nalala nae kitanda kimoja sijawahi kumpima hata siku moja. Kwanini? Kwa sababu alikuwa mzima. Sina jibu lingine wanangu, na hili nalisema mbele yenu kwa uchungu.

Siku moja akaenda kung'oa jino. Wakampima kwanza kabla ya kumchoma ganzi, ikaja 180 kwa 110. Wakamkalisha, wakapima tena, ile ile. Wakamwambia mzee jino halitoki leo, nenda kaonane na daktari wa presha. Akapewa dawa za mwezi, akazinywa vizuri kabisa, presha ikashuka, jino likatoka, dawa zikaisha. Nikamuuliza baba, umeenda kuchukua zingine? Akasema mama mi nishapona, sijisikii kitu.

Na kweli alikuwa hajisikii kitu, hakunidanganya. Lakini wakati ipo 180 pia alikuwa hajisikii kitu! Alienda pale kwa ajili ya jino, sio kwa ajili ya kichwa wala moyo. Sasa kama ilikuwa juu kiasi kile na mwili haukumwambia, mwili huo huo utamwambia nini akiacha dawa? Nitarudi kwake baadae, tuache kwanza.

Presha yenyewe ni nini. Moyo ni pampu, unapiga kama mara laki moja kwa siku, na kila ukipiga unasukuma damu kwenye mishipa. Ile nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa ndo presha, na kila mtu anayo, asiye nayo ni maiti. Namba mnayoandikiwa ya juu ni nguvu wakati moyo unasukuma, ya chini ni nguvu iliyobaki wakati moyo unapumzika kabla ya pigo jingine. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani, ukiminya ule mdomo wake maji yanaruka kwa nguvu na mpira unavimba nyuma, sasa huo mpira ukae hivo usiku na mchana miaka kumi, utapasuka au utachoka ndani. Mishipa yetu inafanya hivo hivo, inakuwa migumu, inakuwa myembamba ndani, mwisho inaziba au inapasuka. Ikiwa kwenye ubongo ni kiharusi, kwenye moyo ni shambulio la moyo, na vile vimishipa vidogo vya figo na vya macho vinakufa taratibu mpaka siku unaambiwa usafishwe damu mara tatu kwa wiki. Na muda wote huo mtu yuko sokoni anauza nyanya zake, anacheka.

Ya kawaida ni kama 120 kwa 80. Ukipima siku tofauti, angalau siku mbili, ikaja 140 kwa 90 au zaidi ya hapo, hiyo ni presha, na sio lazima zipande zote mbili, hata namba moja tu ikikaa huko juu imeshakuwa presha. Ile ya siku moja baada ya kugombana na mpangaji wako isikutishe, lakini usiidharau, rudi upime tena.

Sasa mtu atasema mama nesi huo ni ugonjwa wa wenye hela, wa wazungu na wa maofisini. Hapana. Kuna utafiti ulifanyika hapa hapa Ilala na kule Shari, kijiji cha Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2000. Karibu watu wazima 3 katika kila 10 walikutwa na presha, mjini na kijijini karibu sawa. Halafu sikilizeni vizuri hapa, katika hao waliokutwa nayo, waliokuwa wanajua kwamba wanayo hawakufika 20 katika 100. Waliokuwa wanatumia dawa ni kama 10 katika 100. Na ambao presha yao imeshuka mpaka panapotakiwa hawakufika hata mmoja katika 100! Mtasema hiyo zamani. Haya, Shirika la Afya Duniani linasema sasa hivi duniani kuna watu zaidi ya bilioni moja wenye presha, watu wazima wa miaka 30 mpaka 79, karibu nusu yao hawajui, na walioidhibiti ni kama mmoja tu katika watano. Dunia nzima hiyo, mpaka huko kwenye nchi zenye kila kitu.

Na sisi wa Dar tuna la kwetu zaidi. Kati ya mwaka 2003 na 2006 kuna madaktari walihesabu viharusi vipya wilaya ya Hai na hapa Dar es Salaam, wakifuatilia mitaani na hospitalini. Walivyosawazisha umri, yaani kuhesabu kama vile wazee na vijana wako sawa pande zote mbili, wakakuta Hai ni kama watu 109 kwa mwaka katika kila watu laki moja, Dar ni kama 316. Karibu mara tatu! Mimi naona mjini tunakaa sana, tunakula vya kununua, usingizi mdogo, tumenenepa, na wengi wetu hatujui namba zetu.

Kitu kingine nataka tukiondoe leo ni hii habari ya presha ya kupanda na presha ya kushuka, kama vile ukizaliwa unapangiwa ya kwako. Mtu alipimwa mwaka 2009 anaumwa tumbo la kuhara ikaja 90 kwa 60, toka siku hiyo anajitangaza mi yangu ni ya kushuka. Kizunguzungu kidogo analamba chumvi, anashushia na soda. Miaka imepita, amenenepa, ana miaka 52, presha yake ni 170 na bado analamba chumvi! Ni kweli presha inaweza kushuka, ukiishiwa maji, ukipoteza damu, au ukipewa dawa kali kuliko unavyohitaji, na hilo nalo ni la kumuona daktari. Lakini kizunguzungu sio kipimo. Kichwa kuuma sio kipimo. Moyo kwenda mbio sio kipimo, na shingo kukaza pia sio kipimo. Kipimo ni mashine basi.

Na wale wa kusema presha yangu ni ya mawazo tu, ada za watoto zikiisha itatulia. Mwanangu, mawazo yanapandisha kweli, lakini ada haziishi, baada ya huyu ni yule, na mishipa haikusubiri umalize.

Tuje jikoni, na hapa akina mama mnisikilize kwa makini maana chumvi ya nyumba nzima iko mikononi mwetu. Chumvi inavuta maji yabaki mwilini, maji yakizidi kwenye damu presha inapanda. Kiwango ambacho hatutakiwi kuvuka ni gramu 5 kwa mtu kwa siku, ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, na sio kijiko cha mezani, ni chumvi yote ya siku nzima mpaka ile usiyoiona. Sasa nani anapima kijiko anapopika? Hakuna. Mi nimetafuta njia rahisi. Kama nyumbani mko watu wazima watano, tano mara tano ni gramu 25 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo ni gramu 500. Gawanya, zinakuja siku 20. Kwa hiyo leo ukifungua pakiti mpya andika tarehe juu yake kwa kalamu. Ikiisha kabla ya siku 20 mnakula chumvi nyingi, hiyo haina ubishi, na hapo bado hatujahesabu mkate, chipsi za njiani, maembe mabichi ya chumvi na pilipili, achari, papa wa ng'onda, na vile vidonge vya kuweka kwenye mchuzi ambavyo nusu yake na zaidi ni chumvi. Kwangu mara ya kwanza nilipoandika tarehe pakiti iliisha siku ya kumi na moja, na tulikuwa wanne.

Magadi je? Hili watu wengi hawalijui. Kile kinachopandisha presha kwenye chumvi kinaitwa sodiamu, na magadi nayo ni sodiamu. Maharage magadi, makande magadi, mlenda magadi, kisamvu magadi, halafu juu yake chumvi. Maharage loweka usiku kucha, mwaga yale maji, yataiva haraka na gesi tumboni itapungua. Ng'onda loweka, mwaga maji, loweka tena, ndo upike, usiongeze chumvi. Mchuzi tia ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, bizari, ulimi unazoea, wiki ya kwanza mtalalamika, wiki ya tatu ukila kwa mtu utaona wao ndo wamezidisha.

Sijasema muache chumvi kabisa. Na mnunue ile yenye madini joto, msirudi kwenye chumvi ya mawe isiyo na kitu tukaanza tena kuota rovu. Na ile ya pinki inayouzwa ghali wanasema haina madhara, ni chumvi ile ile wanangu, sodiamu yake ni ile ile, msitupe hela.

Mengine napita haraka maana mnayajua. Mboga za majani na matunda, lengo ni gramu 400 kwa siku, kama mafungu matano ya kujaza kiganja, na sisi tunakaa sokoni kabisa mchicha uko hapo. Ndizi, parachichi, maharage, madafu yanasaidia kushusha, ila mwenye figo mbovu asile bila kuongea na daktari wake. Kutembea dakika 150 kwa wiki, hata ukishuka vituo viwili kabla ya nyumbani unafika. Sigara acha. Pombe punguza, na ukiweza acha. Kiuno kikipungua presha inapungua.

Sasa dawa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo tunapofia.

Dawa ya presha haiponyeshi presha, inaishikilia. Ni kama yale mawe tunayoweka juu ya bati wakati wa upepo. Bati limetulia kwa sababu mawe yapo, halafu mtu anapanda juu anasema mbona bati limetulia, anayashusha mawe. Ukipima ukakuta 125 kwa 80 huku unakunywa dawa maana yake dawa inafanya kazi, sio kwamba umepona. Kuna watu wakipunguza uzito sana na chumvi daktari anawapunguzia dozi, hata kuwaachisha, lakini ni daktari anafanya hivo kwa kupima, sio wewe kwa kujisikia.

Kuna wanaokunywa kichwa kikiuma tu, kama panado. Kuna wanaosahau siku tatu halafu siku ya nne wanameza vidonge vinne kufidia. Usifanye hivo, utaanguka! Umesahau jana, leo endelea na kimoja chako kama kawaida. Kuna wanaopeana, dada anampa shoga yake dawa yake ya presha kwa sababu yeye imemfaa, na shoga mwenyewe labda ana pumu, labda ana ujauzito, labda moyo wake umeshatanuka. Dawa ziko za aina nyingi na kila moja ina mtu wake.

Na nyingi zina usumbufu wake, tusifichane. Amlodipini inaweza kukuvimbisha miguu. Zile za kukojoa, haidroklorothiazaidi na ndugu zake, zitakupeleka chooni, kwa hiyo kunywa asubuhi usije ukakesha. Lisinopili na wenzake wanaweza kukuletea kikohozi kikavu kisichoisha, watu wanatibiwa kifua miezi kumbe ni dawa ya presha. Ukipata lolote katika haya usiache kimya kimya, rudi useme, kuna nyingine utabadilishiwa.

Wanaume, nakuja kwenu, msiinamishe vichwa. Najua wengi mnaacha dawa kwa sababu mmeambiwa zinamaliza nguvu za kiume. Kuna dawa chache kweli zinaweza kumfanya mtu hivo, ila presha yenyewe ndo inayoziba mishipa ya huko chini, hata kabla hujameza kidonge kimoja. Mwanaume mwenye miaka arobaini na kitu akianza kuona shida hiyo, akapime presha na sukari kabla hajaenda kununua vile vya kuongeza nguvu mtaani. Na vile vya mtaani ukichanganya na baadhi ya dawa za moyo presha inaporomoka ghafla na mtu anafia chumbani. Mwambie daktari, ameshayasikia hayo mara elfu, hatakucheka. Na wake zao humu ndani, msimuongelee mumeo vibarazani, mtamrudisha kwenye kuficha.

Dawa za maumivu nazo. Huyu baba wa watoto wangu alikuwa na mgongo, kazi ya useremala mnaijua, na miaka na miaka alikuwa akinunua diklofenaki duka la dawa, mbili asubuhi, mbili jioni, hana cheti, na duka hilo lilimuuzia tu, hakuna aliyemuuliza mzee presha yako ikoje. Diklofenaki, brufeni na wenzao zinapandisha presha na zinaumiza figo ukizinywa mfululizo. Mimi nilikuwa naziona mezani. Mwenye presha akiumwa mgongo aseme kwanza ana presha, apewe kitu kingine.

Majani na mizizi? Kitunguu saumu kuleni, choya kunyweni bila sukari, mlonge kuleni kama mboga. Sina ugomvi navyo. Ugomvi wangu ni pale mtu anaweka vidonge kabatini kwa sababu ya chupa ya mtu wa stendi aliyesema presha itakwisha kwa wiki mbili.

Wadogo zangu mnaozaa bado, kwenye kila hudhurio la kliniki hakikisha umepimwa presha, usikubali kurudi nyumbani umepimwa uzito tu. Presha ya ujauzito ikiachwa inazaa kifafa cha mimba, mama anadondoka, anarusha mikono, na tunawapoteza wawili kwa mara moja. Kichwa kikali, macho kuona giza au nyota, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso kuvimba, nenda siku hiyo hiyo hata kama ni usiku. Uliyepata presha kwenye mimba, hata ikishuka ukishajifungua, wewe uko kwenye orodha yangu ya kupimwa kila mwaka maisha yako yote. Na kabla hujaanza vidonge vya uzazi wa mpango pimwa kwanza.

Sasa narudi kwa mume wangu.

Miezi kumi na nne baada ya lile jino, mimi nipo zamu ya usiku. Alfajiri kaamka kwenda kuswali, mswaki ukamponyoka mkononi. Akauokota kwa mkono wa kushoto. Mwanangu wa tatu akamuona mdomo umeenda upande, anaongea maneno hayaeleweki kama mtu mwenye chakula mdomoni. Wakaitwa ndugu zake, kaka zake wanaompenda kabisa, na wakasema huyu kapigwa na upepo, ametumiwa kitu. Wakampakia kwenye gari, sio kwenda hospitali, wakampeleka kwa mganga. Wakampa na chai ya tangawizi anywe, akapaliwa. Mimi nimetoka zamu saa mbili nakuta nyumba imefungwa, simu hazishikwi. Nimempata saa nane mchana, amelala kwenye mkeka, mkono na mguu wa kulia havina kitu.

Siwalaumu kaka zake, naomba mnielewe. Waliamini. Kuna watafiti waliwahi kuuliza watu Dar na Hai kiharusi kinatoka wapi, na hapa Dar wengi wakasema majini na uchawi, ndo maana watu wanaanzia kwa mganga. Kinakuja ghafla, kinachukua upande mmoja tu, mtu alikuwa mzima jana, nani asingeona kama karogwa? Lakini hakuwa mzima jana. Alikuwa na 180 ambayo hakuisikia. Kule kwa mganga walichotwaa sio hela tu, walitwaa masaa.

Kwa hiyo shikeni hizi dalili na mkawafundishe watoto wenu wa darasa la nne maana mara nyingi wao ndo wako nyumbani. Uso umepinda upande mmoja, mwambie acheke uone. Mkono au mguu mmoja umeishiwa nguvu, mwambie anyooshe mikono yote miwili uone upi unashuka. Maneno yanakwama au hayaeleweki. Ikitokea hata moja, ghafla, ni hospitali, hospitali kubwa yenye kipimo cha kupiga picha ya kichwa ukiweza, na uangalie saa. Lazima uwaambie imeanza saa ngapi, na kama hujui, mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi, kwa sababu kama ni damu imeganda kuna dawa ya kuyeyusha na inatakiwa ndani ya masaa 4 na nusu. Sio kila hospitali inayo, najua, lakini ukichelewa hata iliyonayo haitaweza kukupa. Usimpe chakula wala maji wala chai, koo lake linaweza kuwa limepooza, kitaenda kwenye mapafu. Usimpe aspirini, hujui kama mshipa umeziba au umepasuka. Usimpe dawa za presha rundo ili ishuke haraka. Mlaze ubavu kama anatapika au hajitambui, mwende.

Aliishi miaka sita baada ya hapo. Akajifunza kula kwa kushoto, akajifunza kutembea na fimbo kutoka kitandani mpaka barazani. Randa hakuishika tena. Alikuwa anawaelekeza vijana wake kwa kidole, hapa, hapa, maana neno "pigilia" lilikataa kurudi.

Sasa la leo. Nimeongea na mwenyekiti na mweka hazina, na naliweka mbele ya mkutano, hela za mfuko wa jamii tununue mashine ya presha ya kikundi, ile ya kufunga juu ya kiwiko, sio ya kifundo cha mkono, na iwe na mkanda wa pili mpana kwa wenye mikono minene, maana mkanda mdogo kwenye mkono mkubwa unatoa namba ya uongo ya juu. Na kwenye vile vitabu vyetu vya hisa tuchore mstari mmoja pembeni, kila mkutano wa kwanza wa mwezi ukinunua hisa unapimwa, namba inaandikwa hapo hapo, ni yako, haisomwi kwa sauti. Ikiwa 140 kwa 90 na kuendelea mara mbili unapewa barua ya kwenda kituo cha afya. Ikiwa 180 kwa 120 huondoki peke yako, tunakaa, tunarudia, na kama iko vile vile tunakupeleka siku hiyo hiyo, na kama kuna maumivu ya kifua au dalili zile za kiharusi hata kurudia haturudii. Wazee wetu wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa matibabu hospitali za serikali, anayehangaika na hilo aje kwangu, njia ya kupitia serikali ya mtaa naijua, tutaenda wote.

Leo nimeazima mashine mbili, na wadogo zangu wawili manesi wako pale chini ya mwembe. Nendeni chooni kwanza, kibofu kikijaa kinapandisha. Uliyekunywa kahawa au kuvuta sigara sasa hivi subiri nusu saa. Kaa dakika tano, umeegemea kiti, miguu yote chini usipandishe mguu juu ya mwingine, kunja mkono wa nguo usifunge mkanda juu ya sweta, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Leo ni mara ya kwanza kwa wengi, tutapima mikono yote miwili tuchukue iliyo juu.

Katibu fungua daftari, mi ndo wa kwanza. Na ukiwa unapimwa huruhusiwi kuongea, kwa hiyo nakaa pale, nanyamaza.